Mteja Analipia Pikseli, Rangi Anapunjwa

Siku hizi mpiga video wa harusi anayeijua biashara haachi kuandika 4K kwenye bango lake. Ndiyo inayopandisha bei, na ndiyo inayotajwa kwanza kwenye kikao cha kamati pale mjumbe wa mapambo na mjumbe wa picha wanapogombania bajeti. Harusi inapita, wiki zinapita, video inafika. Nyuso zimetoka vizuri kabisa na shanga za gauni zinahesabika. Kisha kamera inapanda ukutani nyuma ya maharusi, pale taa za zambarau zilipomulika kutoka chini kwenda juu, na zambarau ile haififii taratibu kama ilivyofifia ukumbini. Inakatika vipande: mkanda uliokolea, mkanda hafifu, mkanda hafifu zaidi, kila mmoja na mpaka wake unaoonekana wazi.

Mikanda hiyo ya rangi haichagui harusi. Hutokea kwenye anga la jioni katika matangazo ya hoteli za Zanzibar, kwenye moshi wa jukwaani katika video za Bongo Fleva, kwenye bahari tulivu iliyopigwa kwa droni, na hasa kwenye giza. Mteja akilalamika, jibu huwa moja kati ya haya: televisheni yako ni mbovu, YouTube imeharibu, au kamera imezeeka na ikinunuliwa mpya mambo yatakwisha. Kila jibu linaweza kuwa la kweli siku fulani. Kasoro ni kwamba hutolewa kabla ya mtu yeyote kuangalia, na kwamba dawa inayotolewa baadaye, yaani kupandisha picha hadi 4K, haigusi kabisa mahali panapouma.

Sababu ni ya hesabu tu. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3, mara nne ya HD ya 1080. Hiyo ni idadi ya nukta. Haisemi lolote kuhusu rangi ngapi kila nukta inaruhusiwa kuchagua. Hilo huamuliwa na biti. Video ya biti 8 huipa kila rangi ya msingi, yaani nyekundu, kijani na bluu, viwango 256. Vikizidishwa vyote kwa pamoja vinaleta rangi milioni 16.7. Idadi hiyo inasikika kubwa mpaka mtu aulize ni ngapi kati yake zinazopata nafasi kwenye kipande kimoja cha anga.

Lichukuliwe anga la bluu linalofifia kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine, likianzia kiwango cha 120 na kuishia 150. Hapo kuna hatua 30 tu. Pikseli 3840 zikigawanywa kwa 30, kila hatua inajaza pikseli 128 zenye rangi ileile, halafu rangi inaruka. Kilichokuwa mteremko kimegeuka ngazi. Kwenye HD kila hatua ingekuwa pikseli 64, lakini kwenye televisheni ileile upana wake kwa sentimita haubadiliki hata kidogo. Kuongeza pikseli ni kuichonga ngazi ileile kwa ustadi zaidi. Biti zikipanda hadi 10, viwango vinakuwa 1024 kwa kila rangi, anga lilelile linapata hatua 120, kila hatua inabaki na pikseli 32, na mruko kati ya hatua na hatua unapungua hadi robo. Hapo ndipo mipaka inapoanza kupotea machoni.

Na hata hivyo viwango 256 video huwa haivipati vyote. Kwa kanuni za utangazaji, mwangaza wa video ya biti 8 huanzia 16, ambacho ni cheusi, na kuishia 235, ambacho ni cheupe. Vinabaki viwango 220 vya kubeba kila kitu, kuanzia suti nyeusi ya bwana harusi hadi shela.

Jicho nalo linachochea moto. Mwaka 1865 mwanafizikia wa Austria, Ernst Mach, alieleza jinsi macho yanavyotia chumvi pale viwango viwili vya mwangaza vinapogusana: upande wenye mwanga huonekana kuwa na mwanga zaidi ukingoni, na upande wenye giza huonekana kuwa na giza zaidi. Kwa hiyo rangi mbili zinazotofautiana kwa kiwango kimoja tu, ambazo mtu asingeweza kuzitofautisha akionyeshwa moja leo na nyingine kesho, zikiwekwa bega kwa bega kwenye ukuta mpana huzaa mstari. Mteja anayesema ameona mstari hajakosea wala hana gubu.

Uchunguzi wa haki basi huanza pale ambapo mafundi wengi hawaanzii: kwenye faili la asili kama lilivyotoka kwenye kadi ya kamera, likichezwa peke yake, nje ya programu ya kuhariri. Na kabla ya hapo, skrini yenyewe ishukiwe. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zina skrini za biti 6, yaani viwango 64 kwa kila rangi, na hufidia upungufu huo kwa kupokezana haraka rangi mbili zilizo jirani. Fundi anayehariri kwenye skrini ya namna hiyo anaweza kukesha akitibu mikanda isiyokuwepo kwenye faili. Kuitambua hali hiyo hakuhitaji kifaa cha bei. Faili hilohilo lichezwe kwenye simu nzuri, kisha kwenye televisheni. Mikanda ikitoweka, skrini ndiyo mgonjwa. Ikibaki palepale ukutani, mpaka kwa mpaka, basi imo ndani ya picha.

Programu za kuhariri zina shahidi mwingine asiyebembelezeka: ile grafu ya mwangaza ambayo wengi huifunga ili kupata nafasi ya kuonea picha. Anga lililo salama huonekana humo kama ukungu mnene unaoteremka bila kukatika. Anga lenye mikanda huonekana kama mistari iliyolala, yenye mapengo matupu katikati. Mapengo hayo hayategemei skrini wala macho ya mtu, na yakionekana ubishi wa nani mwenye televisheni mbovu unakuwa umekwisha.

Sasa tuseme faili la asili lenyewe lina mapengo. Hapo kosa limetendeka siku ya tukio, na mara nyingi limetendwa na mtu aliyedhani anajiongeza. Sony a7 III, iliyotoka mwaka 2018 na kushika soko la harusi sehemu nyingi duniani, hurekodi video ya biti 8. Ndani yake kuna S-Log2 na S-Log3, namna za kurekodi zinazotoa picha iliyopauka, ya kijivujivu, ambayo fundi huja kuivuta baadaye ipate rangi. Namna hii ya logi ilitoka kwenye ulimwengu wa kamera za sinema, zenye biti 10 au zaidi, ambako kuna viwango vya kutosha kuvutwa. Ikiingizwa kwenye biti 8 inageuka mkopo wenye riba. Ukuta uliokuwa na viwango 80 hivi, kati ya 90 na 170, unavutwa ujaze viwango vyote 220. Hakuna viwango vipya vinavyozaliwa. Vilevile 80 vinatawanywa, na kati ya kimoja na kingine panabaki mruko wa karibu viwango vitatu. Mkanda uliokuwa umejificha kwenye kadi unaonekana hadi jikoni.

Mafundisho ya mtandaoni yamewashawishi vijana wengi kwamba asiyerekodi kwa logi si mtaalamu. Kwa kamera ya biti 8 ndani ya ukumbi wenye taa za rangi, ushauri huo ni mbaya, na upingwe waziwazi. Heri mpiga picha achague wasifu wa kawaida wa rangi, apange weupe na mwangaza sawasawa palepale ukumbini, na picha itoke kwenye kadi ikiwa karibu na ile atakayomkabidhi mteja. Atapoteza uhuru fulani wa kuigeuza baadaye. Atabaki na ukuta mzima.

Mwenye uwezo wa kubadilisha kamera ana mahali pa kuelekea. Panasonic GH5 ya mwaka 2017 ilileta biti 10 ndani ya kamera ndogo, Sony a7S III ya mwaka 2020 ikafuata, na droni ya DJI Mavic 2 Pro ya mwaka 2018 tayari ilikuwa inarekodi logi yake kwa biti 10. Kichekesho kiko kwenye simu. Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizo zimekuwa zikirekodi video ya Dolby Vision ya biti 10. Ina maana kwamba kwenye harusi nyingi, shangazi aliyesimama juu ya kiti akirekodi kwa simu anaweza kuwa anakusanya viwango vingi vya rangi kuliko kamera iliyolipiwa mamilioni, ingawa lenzi yake na mkono wake havina la kujivunia.

Lakini kamera husingiziwa pia. Faili linaweza kutoka kwenye kadi likiwa safi na kuharibikia mezani. Adobe After Effects hufungua mradi mpya ikiwa kwenye biti 8 kwa kila rangi, na fundi asipoigusa itabaki hivyo hadi mwisho. Humo ndimo yanamotengenezwa majina ya maharusi kwa herufi za dhahabu juu ya maruni inayofifia kuwa nyeusi, ukungu wa kufichia mandhari, na kiza cha pembeni kinachosukuma macho katikati. Vyote hivyo ni miteremko ya rangi iliyotengenezwa na kompyuta, haina hata punje ya vumbi la kamera, na kwenye biti 8 hukatika vipande mara moja. Kuhamisha mradi kwenda biti 16 au 32 ni kubadili mpangilio mmoja. Kompyuta itazidiwa kidogo, kazi itachelewa, ila maruni itashuka inavyotakiwa. Kwenye Premiere Pro kuna kisanduku cha kuiamuru programu itumie kiwango cha juu cha biti wakati wa kutoa faili la mwisho. Kina miaka mingi hapo na bado wapo wasiowahi kukitia tiki.

Kuna pia faili la kati, ambalo halitajwi sana. Fundi humaliza majina kwenye programu moja, akayatoa kwa kodeki ya H.264, yaani mfumo wa kubana video, ikiwa ya biti 8 kwa sababu faili lake ni dogo, kisha akayapeleka kwenye programu nyingine ambako yatatolewa tena. Kila safari ya namna hiyo inakula viwango. Apple ilitoa kodeki ya ProRes mwaka 2007 kwa ajili ya safari hizo hasa, na ProRes 422 hubeba biti 10; Avid ina DNxHR yenye matoleo ya namna hiyo. Faili linakuwa kubwa mara nyingi zaidi, na diski inajaa, na hilo ndilo linalowakimbiza watu. Kwa upande wa programu yenyewe, umaskini si kisingizio tena: DaVinci Resolve, ambayo ndani yake hukokotoa rangi kwa biti 32, ina toleo la bure.

Mlango wa mwisho wa kuingilia mikanda, yaani kuirusha video hadi kwa mtazamaji, ndio wenye hila kuliko yote, kwa sababu hapo hata kazi isiyo na kosa inaweza kuvunjika. Tarehe 28 Aprili 2019, HBO ilirusha sehemu ya tatu ya msimu wa nane wa tamthilia ya Game of Thrones, iliyoitwa The Long Night, vita vya usiku vya dakika 82 vilivyoongozwa na Miguel Sapochnik. Watu milioni 17.8 waliitazama usiku huo nchini Marekani. Wengi wao waliona giza lenye madoa na mikanda ya kijivu mahali palipotakiwa kuwa na moshi, theluji na jeshi la wafu. Malalamiko yalifurika. Mpiga picha wa sehemu hiyo, Fabian Wagner, alijitetea kwamba hakuipiga gizani kupita kiasi. Alitaja watu wasiojua kurekebisha televisheni zao, na pia jinsi picha ilivyobanwa ili ipite kwenye njia za kurushia.

Mtu anaweza kumcheka Wagner kwa kuwalaumu watazamaji, na wengi walimcheka. Kuhusu kubanwa hata hivyo alikuwa na hoja. Video isiyobanwa haiwezi kupita kwenye intaneti ya nyumbani. Lazima ipunguzwe mara mia na zaidi. Kodeki kama H.264, ambayo ni ya mwaka 2003, huigawa picha katika viboksi vidogo, ikapima ni mabadiliko gani ndani ya kila kiboksi ni makubwa na yapi ni madogo, kisha ikayatupa madogo kwa imani kwamba mtazamaji hatayakosa. Kwenye soko lenye watu wengi mpango huo hufanya kazi vizuri mno. Kwenye moshi wa usiku, mabadiliko madogo ndiyo picha yenyewe. Yakitupwa, kiboksi kinabaki na rangi moja bapa, jirani yake na rangi nyingine bapa, na mikanda inarudi hata kama kamera ilikuwa ya sinema na rangi ilisawazishwa na bingwa. Diski za 4K za mfululizo mzima zilipotoka mwaka 2020, zikiwa na biti 10 na nafasi kubwa zaidi ya data kwa kila sekunde, waliozinunua waliona vita ambavyo wenzao hawakuviona.

Wa kwanza kulichukulia jambo hili kwa uzito miongoni mwa watu wa kawaida hawakuwa watu wa televisheni. Walikuwa mashabiki wa katuni za Kijapani. Katuni ina anga lililopakwa kwa kompyuta, lisilo na chembe, na mikanda hujitokeza humo waziwazi. Kodeki huria ya x264 ilipoanza kukubali biti 10, mwaka 2010, makundi ya mashabiki waliokuwa wakitia tafsiri na kusambaza katuni hizo waliihamia ndani ya muda mfupi. Waligundua jambo ambalo wahariri wengi bado hawalijui: hata picha ya asili ikiwa ya biti 8, ikibanwa kwa biti 10 hutoka na mikanda michache, kwa kuwa makosa ya kukadiria wakati wa kubana huwa madogo. Bei yake ilikuwa kwamba simu na visimbuzi vya wakati huo havikuweza kucheza mafaili hayo, ikabidi watazamaji watumie kompyuta. Leo kizuizi hicho kimelegea. Kodeki ya HEVC ya mwaka 2013 ina wasifu wa biti 10 unaochezwa na televisheni na simu nyingi mpya, na Netflix ilitangaza mwaka 2021 kipimo chake yenyewe, CAMBI, kinachotafuta mikanda kwenye video kabla mteja hajaiona.

Dawa iliyo kongwe kuliko zote ndiyo inayodharauliwa zaidi. Lawrence Roberts, kijana wa MIT ambaye baadaye angeongoza ujenzi wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, alichapisha mwaka 1962 utafiti wa kurusha picha za televisheni kwa tarakimu. Wakati huo picha nzuri ilihitaji angalau biti 6 kwa kila nukta, kwa sababu ya mikanda hiihii. Roberts alionyesha kwamba ukiichafua picha makusudi kwa chengachenga kabla ya kuikata viwango, kisha ukaziondoa chengachenga zilezile upande wa kupokea, biti 3 zinatosha. Chengachenga huvunja mpaka: badala ya mstari mmoja ulionyooka ambako rangi zote zinaruka kwa pamoja, kila nukta huruka kwa wakati wake, na jicho likiwa mbali huchanganya na kuona mteremko.

Miaka zaidi ya sitini baadaye, mafundi bado wanafanya kinyume. Kitu cha kwanza wanachowasha ni kisafishio cha chengachenga, ndani ya kamera na tena ndani ya programu, kwa kuwa mteja anataka picha safi. Ukuta unasafishwa mpaka unakuwa bapa, kisha mtu anashangaa mikanda imetoka wapi. Kwa ukuta, anga na moshi, utaratibu ugeuzwe: usafishaji upunguzwe, na mwishoni kabisa, baada ya rangi kusawazishwa, ipakwe tabaka nyembamba ya chembechembe, kiasi ambacho mtu aliyeketi kwenye kochi hawezi kuiona. Programu nyingi zina zana hiyo. Zipo pia zana za kulainisha mikanda moja kwa moja. FFmpeg, ya bure, inayo iitwayo deband, na toleo la kulipia la DaVinci Resolve lina yake. Zisambazwe ukutani tu na zizuiwe zisiguse nyuso, la sivyo bibi harusi atatoka na ngozi ya plastiki.

Chembechembe zina gharama yake, na hapa mjadala si mwepesi. Kodeki huzichukia, maana hakuna kitu kigumu kubana kama kitu kisicho na mpangilio. Faili likipewa data kidogo, chembechembe hutupwa na mikanda inarudi palepale. YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080 ya kawaida, na 35 hadi 45 kwa 4K, na bado huibana upya kila video inayopokea. Hapo, ni haki kusema, 4K inapata kazi ya maana: video iliyopakiwa kwa 4K hupewa na YouTube data zaidi kuliko ya 1080, kwa hiyo kazi iliyopandishwa hadi 4K inaweza kuonekana na mikanda michache ikitazamwa humo. Sababu si nukta. Ni data inayokuja nazo. Kodeki mpya ya AV1, iliyokamilika mwaka 2018, imetafuta njia nyingine: inaweza kuzitoa chembechembe kabla ya kubana, ikatuma maelezo ya jinsi zilivyokuwa, na kifaa cha mtazamaji kikazitengeneza upya. Roberts asingeona ugeni.

WhatsApp ni habari nyingine kabisa. Video ikitumwa humo kama video, hubanwa mpaka inabaki mifupa, na kila anayeipokea na kuituma tena anaweza kuipunguza zaidi. Kuhukumu kazi ya fundi kwa kipande kilichokuja kwenye kundi la familia ni kumwonea. Ikilazimu kutumia njia hiyo, faili litumwe kama hati, nalo litafika kama lilivyo.

Yote haya yangekuwa mambo ya ndani ya studio kama si bei. Wateja wanalipa zaidi kwa sababu ya 4K, na soko linawapa kile wanachokiuliza. Mpiga video anayewekeza kwenye kamera ya biti 10, diski za ProRes na saa za kuangalia grafu hana pa kuyaandika hayo kwenye bango, kwa hiyo anashindwa bei na mwenzake mwenye kamera ya biti 8 na herufi kubwa za 4K. Hali hiyo itabadilika siku swali la mteja litakapobadilika. Kabla ya kulipa malipo ya awali, mwulize fundi kamera yake inarekodi biti ngapi, na kama ni 8, hakikisha hatumii logi. Omba aonyeshe kazi iliyopita yenye ukuta wa taa za rangi au anga la magharibi, kwenye televisheni, si kwenye simu yake. Na siku ya kukabidhiwa, nenda na flashi.